Siku 12 ndani ya RV na mume wangu: Rocky Mountain, Grand Teton, Yellowstone mpaka Glacier (uzi mrefu)

BintiWaSame (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Nimekuwa msomaji tu miaka yote, leo naweka uzi wangu wa kwanza maana kuna kitu kimenikaa moyoni tangu Julai 2024 na kila nikikutana na Watanzania na Wakenya wa huku nawasimulia hichohicho. Sisi tunaishi Aurora hapa Colorado, mwaka wa tisa ule. Mimi nahudumia wazee, naingia asubuhi. Mume wangu yuko ghala, anaingia usiku. Yaani tunapishana mlangoni, yeye anavua buti mimi navaa raba, "chakula kiko jikoni", "haya, uende salama", basi. Miaka tisa tunaiona ile milima upande wa magharibi ina theluji mpaka mwezi wa sita, na hatujawahi kuisogelea hata siku moja. Tunajua njia ya kazini, ya kanisani na duka la kutuma hela nyumbani.

Aliyetusukuma ni mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Marangu, akakaa wiki tatu anatuangalia tu, siku hiyo mezani akamwambia mwanawe, "Hivi wewe na mkeo mnaongea saa ngapi? Nendeni popote, watoto niachieni." Mume wangu alinyamaza kama dakika nzima, halafu akaniuliza nina siku ngapi za likizo.

Tukakodi RV, lile gari-nyumba lenye kitanda, jiko, friji, choo na bafu humohumo. La futi 25, kama mita saba na nusu hivi. Leseni ya kawaida inatosha, ni otomatiki, ila ujue unaendesha nyumba. Kona ya kwanza tu kabati likafunguka, sahani zote chini, maana hatukufunga zile lachi. Baada ya hapo kila tukitaka kuondoka tunazunguka wote wawili, huyu anakagua ndani yule nje: makabati, madirisha, ngazi, waya wa umeme, mpira wa maji, gesi imefungwa. Naendelea baadaye, nipo break.

Utingo_Mstaafu

Dada karibu sana ukumbini. Nimekula lami miaka mingi Dar Tunduma mpaka Lusaka, kwa hiyo mimi swali langu ni moja tu, hiyo milima mmeshukaje na nyumba mgongoni? Kitonga imetumalizia wenzetu wengi kwa kushuka vibaya, kupanda siyo tatizo.

BintiWaSame

Kaka yangu umegusa penyewe, ngoja nianzie hapo.

Hifadhi ya kwanza ni Rocky Mountain, hapa hapa Colorado. Ina barabara inaitwa Trail Ridge Road, inapanda mpaka futi 12,183, mita 3,713. Ni barabara ya lami isiyokatika iliyo juu kuliko zote Marekani. Mume wangu ni mtu wa Marangu, kaka zake walikuwa wapagazi, yeye mwenyewe Kilimanjaro hajawahi kuupanda. Tulipofika juu miti imeshaisha yote, nyasi fupi tu na mawe na upepo, akaangalia kile kibao cha urefu akahesabu kimoyomoyo akasema, "Mama K, hapa ni Horombo." Na kweli wakuu, kambi ya Horombo kule Kilimanjaro iko mita 3,720. Watu wanatembea siku mbili kufika pale na sisi tumefika tumekaa kwenye siti, chai iko kwenye chupa. Alishuka akasimama kule pembeni muda mrefu, sikumfuata. Aliporudi akaniambia alikuwa anamuwaza kaka yake mkubwa, anayabeba yale mabegi ya wazungu kwenye baridi kama hii akiwa na miaka 19.

Sasa kushuka, upande wa Grand Lake, zamu ilikuwa yangu. Nikawa nagusa breki kila kona, nagusa tena, nagusa tena, mara nasikia harufu kama mpira unaungua. Mikono ikaanza kutetemeka maana sehemu nyingi hakuna kingo, ni barabara halafu hewa. Mume wangu kabla ya kuja huku aliwahi kuwa utingo kwenye lori la mjomba wake, njia hiyohiyo yako. Hakupiga kelele. Alisema taratibu kabisa, "Toa mguu. Rudisha gia mpaka mbili. Acha injini ishike yenyewe." Nikarudisha, injini ikanguruma kwa sauti kubwa nikadhani nimeiua, lakini gari likatulia. Akasema ukiona sehemu ya kuegesha ingia. Tukakaa nusu saa na zaidi breki zipoe, hakuna kumwagia maji wala nini. Toka siku hiyo sheria yetu ikawa ileile ya malori, gia unayopandia ndiyo unayoshukia, na breki unakandamiza kwa nguvu mara moja, unaachia, huiwekei mguu muda wote. Na ukiona foleni ya magari madogo nyuma yako, egesha wapite, usikimbizwe na mtu.

Utingo_Mstaafu

Huyo mumeo mpe heshima zangu. Alivyoongea taratibu ndiyo imekuokoeni, dereva akishaogopa ukimpigia kelele umemmaliza.

KijanaWaGoma

Asanti sana dada kwa hii habari. Mimi niko Boise, Idaho, huku Wakongomani tuko wengi, na hiyo Yellowstone iko masaa kama sita tu kutoka kwangu ila sijafika hata siku moja, nasoma uzi wako naona haya. Nilisikia huko juu kuna mahali mvua inagawanyika, ni kweli?

BintiWaSame

Ni kweli kaka. Kwenye ileile Trail Ridge kuna mahali panaitwa Milner Pass, mita kama 3,280, kuna kibao. Tone likidondoka upande mmoja linaingia mto Colorado linaelekea bahari ya Pasifiki, likidondoka upande wa pili linazunguka mpaka Mississippi na kuingia Ghuba ya Meksiko. Nyie mnaijua habari hii kuliko sisi, si ndiyo kama ule mgongo wa milima kule Nyungwe Rwanda unaogawa maji ya Kongo na ya Nile. Tulikula pale ndizi na njugu.

Toka pale tukaingia Wyoming. Siku nzima nyasi na upepo, na ule upepo wa barabara kuu ya I-80 karibu na Rawlins siyo wa mchezo, unalisukuma RV kama mtu anakusukuma bega. Shika usukani mikono miwili, punguza mwendo, siku ukiona taarifa kwamba magari marefu yasipite basi yasipite. Tukalala Lander, kesho yake tukapita ardhi ya Wind River ya watu wa Shoshone na Arapaho, tukavuka Togwotee Pass, na ukishuka tu unaiona Teton.

Wakuu, Teton sina namna ya kuielezea zaidi ya kusema haina vilima vya kuanzia. Milima mingine inaanza kidogokidogo. Hii ni tambarare, tambarare, halafu jiwe limesimama. Kilele kikubwa ni mita 4,199. Tulilala Colter Bay usiku mbili, na usiku wa pili ndipo mimi na mume wangu tulikaa nje kwenye viti vya kukunja mpaka saa sita tunaongea. Siandiki tuliongea nini. Ila kuna mambo ya tangu mwaka wa pili wa ndoa yalitoka pale.

MamaWaDallas

Dada mimi nimekuelewa kabisa hapo mwisho, sitauliza. Nauliza ya choo. Hicho choo cha ndani uchafu unaenda wapi? Na chakula mlipika au mlikula vya njiani? Na nimekuwa na wasiwasi mkubwa, sisi weusi kwenye hizo Montana na Wyoming tunaangaliwaje?

BintiWaSame

Nakujibu moja moja dada yangu.

Choo: kuna matenki mawili, moja la choo, lingine la maji ya sinki na bafu. Yakijaa unaenda sehemu maalum ya kumwaga, zipo kwenye kambi nyingi na vituo vingine vya mafuta. Vaa glovu, unga mpira vizuri mpaka ushike, fungua la choo KWANZA, liishe, ndipo ufungue la maji ya sinki ili yausuuze mpira. Mkikaa kambi yenye mfereji wa kuunganisha moja kwa moja msiache koki ya choo wazi muda wote, maji yanatoka uchafu unabaki umeganda humo. Mume wangu alijitolea kazi hiyo safari nzima na mimi sikusahau kumshukuru hata mara moja.

Chakula: tulibeba unga, mchele, maharage, dagaa wa Mwanza kutoka duka la Waafrika hapa Aurora. Ugali wa kwenye RV ni mtamu jamani. Ila maharage yaligoma. Yellowstone, kambi yetu ya Fishing Bridge, iko juu ya mita 2,300, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenye 92 au 93 hivi, kwa hiyo unaona yanatokota kwa fujo na maharage hayaivi. Saa tatu nzima bado yanagonga meno na gesi inaisha. Beba presha kuka, au chemsha nyumbani ugandishe.

Dagaa nao walituletea mgeni. Nilikaangia nje kwenye jiko dogo, nikaacha sufuria mezani nikaingia ndani kuchukua kachumbari. Natoka nakuta renja, dada mmoja kijana, amesimama kando ya meza. Akasalimia kwa heshima, akaniuliza ni samaki gani wale, halafu akanieleza kwamba kambi ile haziruhusiwi tenti kabisa, ni magari yenye kuta ngumu tu, kwa sababu dubu wakubwa, wale grizzly, wanapita hapohapo. Chakula, sufuria hata kama ni tupu, kikapu, takataka, hata kopo la chakula cha mbwa, vyote ndani na mlango umefungwa, hata ukitoka dakika mbili. Dubu akishaonja chakula cha watu mara moja anarudi, na akirudirudi mwisho wake anauawa. Hilo neno liliniingia. Ni sufuria yangu ingemuua yule mnyama.

La rangi: nilikuwa na hofu yako hiyohiyo, tena kubwa. Mimi naweza kusema ya kwangu tu. Kuna vituo vya mafuta tuliangaliwa muda mrefu kidogo. Kambini ilikuwa kinyume, majirani walikuja kutusaidia kurudisha gari nyuma, mzee mmoja akatupa kuni. Tuliweka mafuta kila tanki likifika nusu, hatukuendesha usiku, tulimpigia mama mkwe kila penye mtandao.

Halafu kuna kitu hakuna aliyewahi kuniambia. Mwaka 1896 kikosi cha wanajeshi weusi wa Marekani, wa rejimenti ya 25, walitoka Fort Missoula kule Montana kwa BAISKELI mpaka Yellowstone. Njia zenyewe za mawe na matope, baiskeli za enzi zile, na mizigo juu. Ipo picha yao maarufu wamesimama na baiskeli zao juu ya yale mawe meupe ya Mammoth Hot Springs. Mwaka uliofuata wakaendesha kutoka Fort Missoula hadi St. Louis, maili kama 1,900. Nilipofika Mammoth nilimwomba mume wangu anipige picha upande uleule, sijui kama ni palepale hasa. Dada, watu wetu walifika huko zamani sana. Usiogope kwenda.

KijanaWaGoma

Hiyo ya baiskeli 1896 nimeisoma mara mbili. Ongeza Yellowstone dada, maji ya moto, nyati, yote.

BintiWaSame

Yellowstone ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza, ilitangazwa Machi 1872, inakaribia kilomita za mraba 9,000. Msijaribu kuimaliza kwa siku moja. Sisi tulikaa usiku nne na bado kuna pande hatukugusa. Ile chemchemi ya Old Faithful inaruka kila baada ya dakika kama 90, wanabandika muda, unakaa unasubiri na watu wa dunia nzima, halafu inapanda ikaenda juu mita 40 kitu hivyo na kila mtu anatoa sauti ileile "ooooh", Mchina, Mhindi, Mpare.

Nilichokipenda mimi ni Grand Prismatic. Dimbwi kubwa la maji ya moto, katikati bluu kabisa, pembeni kijani, njano, mpaka rangi ya chungwa kama embe lililoiva. Zile rangi za pembeni ni vijidudu hai, kila aina inakaa kwenye joto lake. Na miaka ya 1960 mwanasayansi mmoja Thomas Brock alikuwa anachunguza chemchemi za Yellowstone akapata bakteria anayeishi kwenye moto ule, akampa jina Thermus aquaticus. Baadaye kimeng'enya cha bakteria huyo ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR. PCR hiyohiyo ya Korona. Mimi 2020 nilikuwa nachomwa puani kila wiki ili niruhusiwe kuingia kwa wazee wangu, na wazee niliowazika mwaka ule nawajua kwa majina. Nilisimama pale kwenye njia ya mbao mvuke unanipiga usoni, nikalia. Mume wangu hakuuliza, alishika tu mkoba wangu.

Nyati: wale ni nyati wa Marekani, wana nundu na manyoya kama wamevaa blanketi. Sheria ni mita 23 kwa nyati na elk, wale kulungu wakubwa, mita 91 kwa dubu na mbwa mwitu. Tulikuwa bonde la Hayden, magari yote yamesimama, dume moja likaja linatembea katikati ya barabara taratibu, likapita upande wangu. Dirisha nimefunga. Nikasikia pumzi yake, nikaona jicho, jeusi limelowa na nzi wamelizunguka, na manyoya yamebanduka vipande kama godoro la sufi. Likaenda zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 walibaki kama dazeni mbili tu ndani ya hifadhi ile, leo ni maelfu. Hao ndio wanaojeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote pale, kwa sababu watu wanawafuata kwa simu wapige nao picha. Mtu aliyekulia karibu na Mkomazi hawezi kumsogelea nyati, lakini niliwaona watu wazima wanafanya.

Na mbebe makoti. Julai ile asubuhi nyasi zilikuwa na barafu.

MamaWaDallas

Nimelia na mimi hapo kwenye PCR. Gharama sasa, na kosa lolote kubwa mlilofanya, maana mume wangu ameshaanza kuangalia RV ya futi 30.

BintiWaSame

Mwambie asimame kwanza, hilo ndilo kosa letu. Tulichagua hifadhi, tukalipia RV, ndipo tukasoma masharti. Glacier kule Montana kuna barabara ya Going-to-the-Sun, kama maili 50, imechongwa ubavuni mwa mlima, ilikamilika 1932. Sehemu ya juu hairuhusiwi gari lenye urefu zaidi ya futi 21, na upana zaidi ya futi 8. Na wanapima na bampa na vioo! Letu futi 25. Mume wangu alikaa kimya karibu maili 30 baada ya kunisomea hiyo, maana ndiyo barabara aliyoitaka kuliko zote.

Tulifanyaje: tukaliacha gari kambini Apgar, tukapanga foleni alfajiri ya basi la bure la hifadhi, tukapanda nalo mpaka Logan Pass, mita 2,026. Kwa kweli ilikuwa afadhali. Kwa mara ya kwanza safari nzima wote wawili tulikuwa tunaangalia nje, hakuna aliyeshika usukani. Hifadhi ile yenye jina la barafu, barafu zenyewe zinakwisha, katikati ya karne ya 19 zilikuwa nyingi zaidi na sasa ni kama 25. Pale juu kuna mbuzi weupe wa milimani, walipita karibu na sisi mama na mtoto.

Gharama zetu sisi: RV na bima kama dola 2,600, mafuta 940 maana lilikula galoni moja kwa maili tisa tu na tulitembea karibu maili 2,400, kambi kama 700. Kadi ya mwaka ya hifadhi zote ilikuwa dola 80, wakati kila hifadhi kati ya hizi nne peke yake ilikuwa dola 35 kwa gari. Kwa walioko nyumbani wanaopanga kuja: kuanzia Januari 2026 bei ya wageni imepanda, kadi ya asiye mkazi ni dola 250, au dola 100 ya ziada kwa kichwa kwenye hifadhi 11 kubwa, na zote nne nilizotaja zimo. Wakazi wa Marekani bado ni 80. Ni utaratibu uleule wa kwetu Serengeti, mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na sisi tunaokatwa kodi hapa kila wiki mbili tuko upande wa mwananchi. Nendeni jamani. Hela ya hizo barabara inatoka kwenye mishahara yetu pia.

Kambi nyingi za serikali zinafunguliwa mtandaoni miezi 6 kabla, na zinaisha dakika zilezile. Kaa na simu mbili, yako na ya mumeo.

Utingo_Mstaafu

Na sasa hivi bado mnapishana mlangoni?

BintiWaSame

Mume wangu aliomba zamu ya mchana mwezi wa tisa ule. Walimkatalia, akaomba tena, Januari wakampa. Hela imepungua kidogo.

MamaWaDallas, kabla hamjalipia hiyo ya futi 30 chukueni tepu mkapime wenyewe, kutoka bampa ya mbele mpaka ngazi ya nyuma, na upana pimeni vioo vikiwa wazi. Namba ya kwenye tangazo msiiamini.